Barua ya wazi kwa mafundi waashi wa Kagera

Kwenu mafundi waashi, maseremala wa paa, wakunja nondo na saidia fundi wote wa Mkoa wa Kagera,



Barua hii ningeweza kumwandikia mkuu wa mkoa au waziri. Wakubwa waliambiwa mengi baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, na yapo waliyoyafanyia kazi: shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, ambazo majengo yake yaliharibika kiasi cha wanafunzi kurudishwa makwao, zilijengwa upya. Lakini nyumba nyingi tunazolala humu mkoani hazikuchorwa na mhandisi wala hazikukaguliwa na mtu. Mlizijenga ninyi, kwa mapatano ya mdomo na mwenye kiwanja, fedha zikija kwa mafungu: kahawa ikiuzwa msingi unachimbwa, mtoto aliyeko Mwanza au Dar es Salaam akituma chochote boma linapanda kozi tano. Ndiyo maana nimewaandikia ninyi. Tetemeko jingine likija, nani atatoka salama na nani atafukuliwa kifusini litakuwa limeshaamuliwa zamani, siku mlipokuwa mnajenga.

Siku ile ya tetemeko la 2016 ilikuwa Jumamosi, saa 9 na dakika 27 alasiri. Ukubwa wa tetemeko ulikuwa 5.9, na chimbuko lake kina cha kilomita 40 hivi chini ya ardhi. Kwa vipimo vya dunia hilo ni tetemeko la wastani. Hata hivyo serikali ilitangaza vifo vya watu 17, majeruhi walikuwa mamia, na nyumba zilizoanguka au kupasuka zilihesabiwa kwa maelfu. Watu walilala nje, kwa kuwa ardhi iliendelea kutikisika na wengi hawakuwa tena na imani na kuta za nyumba zao wenyewe. Hofu ile ilikuwa na msingi. Ardhi haikufunguka ikameza mtu. Kuta ndizo zilizoua.

Na saa yenyewe ilitusitiri. Jumamosi alasiri madarasa ni matupu, watu wengi wako shambani, sokoni au barazani. Fikirini mtikisiko uleule ungekuja saa 8 usiku, mvua inanyesha, watoto wanne kitanda kimoja chini ya ukuta wa tofali uliosimama kwa uzito wake tu.

Mtikisiko utarudi. Lini, hakuna ajuaye. Hakuna chombo duniani kinachotaja siku na saa ya tetemeko, na anayewaambia vinginevyo anawadanganya. Lakini mahali panajulikana. Tuko kati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa, na ule wa magharibi, unaopita Ziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika, haujawahi kutulia. Mwaka 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ile. Mwaka 1966 majirani zetu wa Toro, Uganda, walizika watu zaidi ya mia moja. Mwaka 2005 likaja la Ziwa Tanganyika, 6.8. Hata Dar es Salaam, ambako wengi walidhani hayawahusu, Agosti 2020 watu walitoka mbio kwenye maghorofa usiku baada ya mtikisiko uliotokea baharini.

Babu zetu walijenga msonge. Sisemi turudi huko, lakini tuangalie jinsi ulivyosimama: miti iliyofungwa kwa miti, nyasi kutoka kileleni hadi chini, kila kiungo kimeshikana na kingine. Ardhi ikitikisika, nyumba ya namna hiyo inayumba na kurudi, na hata ikianguka haina kitu kizito cha kumponda mtu. Tofali la kuchoma lilipokuja tulipata nyumba isiyoliwa na moto kirahisi, yenye heshima na madirisha mapana. Ila tulichukua uzito tukaacha kile kifungo. Tofali linabeba mzigo wa kulielemea vizuri sana. Likivutwa kwa ubavu, halina nguvu, na udongo uliolishikisha nao hauna. Tetemeko kazi yake ni kuvuta kwa ubavu, huku na huku, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Kona zinaachana, ukuta unabaki umesimama peke yake, halafu unalala.

Kwa hiyo neno langu kubwa kwenu ni mkanda. Mkanda wa zege lenye nondo, unaozunguka kuta zote za nyumba juu ya milango na madirisha, za nje na za ndani, bila kukatika popote. Unazifunga kuta nne kama kamba inavyofunga mzigo wa kuni: mmoja ukitaka kutoka, nyingine zinauzuia. Wengi wenu mnamwaga lenta juu ya dirisha na mlango tu, vipande vipande. Lenta ya vipande inabeba tofali zilizo juu ya tundu la dirisha na kazi yake imeishia hapo. Haizuii kona kufunguka.

Jambo hili lina ushahidi wa karibu miaka mia. Mwaka 1931 tetemeko lilipiga eneo la Mach katika Baluchistan, ambayo leo ni sehemu ya Pakistan. Mhandisi kijana wa shirika la reli, S. L. Kumar, akapewa kazi ya kubuni nyumba za wafanyakazi zitakazohimili mtikisiko. Alitumia tofali zilezile za kawaida, ila ndani ya kuta akaweka vyuma vya reli vya kuzishikilia. Mwaka 1935 mji wa Quetta ukapigwa na tetemeko kubwa mno, watu makumi elfu wakafa chini ya tofali. Nyumba zile za reli zilibaki zimesimama. Tofali ni moja, ardhi ni moja, tofauti ni chuma ndani ya ukuta. Na mwaka 2010, Haiti ilipigwa na tetemeko la 7.0 mwezi Januari na serikali yake ikataja vifo zaidi ya laki mbili. Mwezi mmoja baadaye Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nishati mara 500 hivi ya lile la Haiti, wakafa watu mia tano na ushei. Chile ilikuwa na kanuni za ujenzi zilizofuatwa kwa kiasi kikubwa.

Sasa niingie kazini kwenu, kwa sababu mkanda unaweza kuwepo na usifanye kazi. Tazameni kona. Mara nyingi nondo za ukuta huu zinaishia konani, na nondo za ukuta ule zinaishia hapohapo, zimelala juu ya nyingine bila kushikana. Zege likishamwagwa huoni tofauti, na mwenye nyumba haoni kamwe. Lakini pale ndipo tetemeko linapopatafuta. Nondo ikunjwe izunguke kona, iingie ukuta wa pili isipungue sentimita 60 kwa nondo ya milimita 12, ndipo ipishane na ya upande ule na kufungwa kwa waya. Ringi zinazozifunga nondo nazo: ncha zake zikunjwe ziingie ndani ya zege, zisiishie pembeni kama mkono uliofunguliwa nusu. Ringi iliyokunjwa nusu inafunguka zege linapopasuka, na nondo kubwa inatoka ubavuni. Kukunja ncha ile vizuri ni suala la dakika moja na bomba la kukunjia. Saidia fundi anaweza kulifanya akifundishwa na akiambiwa kwa nini.

Zege lenyewe mnalijua kuliko mimi: saruji ndoo moja, mchanga mbili, kokoto nne, na maji ya kiasi. Maji mengi yanarahisisha kumwaga na kuua nguvu. Likishamwagwa linyweshwe maji kwa wiki nzima, kufunikwa magunia au majani ya migomba kama jua ni kali. Najua siku hizo saba hakuna anayewalipa kushinda mnamwagilia. Basi mwambieni mwenye nyumba kuwa hiyo ni kazi yake na watoto wake, na mwonyesheni namna ya kuifanya.

Tofali nazo zilowekwe kabla ya kujengwa, la sivyo zinanyonya maji ya saruji na kiungo kinabaki vumbi. Kona zipandishwe pamoja kwa kupishanisha tofali, si kujenga ukuta mmoja leo na kuja kubandika mwingine baada ya mwezi. Dirisha likae mbali na kona, nusu mita na zaidi. Ukuta mrefu kupita mita 5 au 6 upate ukuta wa kukatiza au nguzo ya kuushika. Katika haya hakuna linalohitaji mtambo.

Kuna kitu kimoja ningependa tukiache kabisa: ule ukuta wa pembetatu unaopanda mbele na nyuma ya nyumba kufuata paa. Unapendeza, hasa ukinakshiwa kwa plasta na mwaka wa ujenzi. Lakini uko juu kuliko vyote, hauna ukuta wa kuushika pembeni, na kenchi mara nyingi zimeuegemea tu. Katika nyumba za aina yetu ndio unaotangulia kuanguka, na unaanguka juu ya kitanda au juu ya mtu anayetoka mbio mlangoni. Kozi za tofali ziishie kwenye mkanda, na pembetatu ile ifungwe kwa mbao na bati. Nyumba itapungua fahari kidogo machoni pa majirani. Na kenchi zifungwe kwenye mkanda kwa waya au bapa za chuma zilizoachwa zimechomoza wakati wa kumwaga zege, ili paa na kuta ziwe kitu kimoja.

Nawasikia mkisema: haya yote tunayajua, mwenye nyumba ndiye hataki. Ni kweli. Mzee anafika na bahasha yake, anatazama orodha ya nondo, anauliza, "Fundi, hizi za nini? Ya jirani mbona imesimama bila hizi?" Anataka hela ya mkanda iende kwenye vigae au geti. Nanyi mnahofia mkikataa ataitwa fundi mwingine kesho asubuhi. Hapo ndipo naomba mshikane. Fundi mmoja akikataa kujenga bila mkanda atakosa kazi. Mafundi wa kata nzima wakikataa, mkanda unakuwa sehemu ya nyumba kama mlango ulivyo. Na mjibuni mzee kwa heshima lakini msimung'unye maneno: ya jirani imesimama kwa sababu haijatikiswa vya kutosha. Mwambieni apunguze chumba kimoja. Nyumba ya vyumba viwili yenye mkanda inamfaa mjukuu wake kuliko ya vyumba vitatu isiyo nao.

Kazi yenu haiishii kukabidhi ufunguo. Mnajua nyumba ile kuliko atakayeishi ndani, kwa hiyo siku ya kukabidhi zungukeni naye chumba kwa chumba. Mwonyesheni ukuta uliobeba paa, ili asije akautoboa mlango wa duka baadaye. Mwambieni kitanda kisikae chini ya rafu nzito wala chini ya dirisha kubwa, na kabati refu lifungwe ukutani kwa bapa na skrubu. Mwonyesheni mahali pa kuzima umeme, na mtungi wa gesi unavyofungwa, watoto wakiwepo na wajaribu wenyewe. Kisha tokeni uani mchague pamoja mahali pa kukutania, mbali na kuta, nguzo za umeme na mnara wa tangi la maji. Tangi la lita elfu moja likijaa maji lina uzito wa tani moja. Mnara uliojengwa kwa tofali tupu bila nondo ni hatari inayowasubiri wanaokimbilia uani.

Wakati ardhi inatikisika muda ni mfupi mno wa kufikiri, ndiyo maana maneno haya yasemwe mapema. Aliye ndani ya jengo imara au ghorofani asikimbilie ngazi wala lifti: apige magoti, aingie chini ya meza ngumu, aishike mguu wake ili isimtoroke, akinge kichwa na shingo. Asipopata meza ajikunyate kando ya ukuta wa ndani, mbali na vioo. Aliye kitandani abaki hapo na mto juu ya kichwa, kuliko kutembea gizani juu ya vioo vilivyovunjika. Kwa nyumba dhaifu ya udongo au ya tofali zisizofungwa, nasema jingine: aliye hatua mbili tatu kutoka mlango unaofunguka kwenye uwanja mtupu, atoke mara moja na asisimame hadi afike katikati ya uwanja. Aliye mbali na mlango asijaribu kuvuka vyumba, ajikinge alipo. Na atakayekutwa nje abaki nje. Wengi duniani wameumia wakirudi ndani kuchukua kitu, au wakiwa wamesimama chini ya ukuta wanaoutazama. Aliye barabarani na gari aegeshe mbali na majengo na nyaya, akae ndani ya gari mpaka tetemeko litulie.

Mtikisiko ukiisha, mnaitwa ninyi kabla ya gari la zimamoto, kwa kuwa mko karibu. Karibu kila mahali palipopigwa na tetemeko, wengi waliotolewa wakiwa hai walitolewa na majirani katika saa za kwanza. Nanyi mna kitu ambacho jirani mwingine hana: mnajua ukuta ulivyokuwa umebebwa. Umeme uzimwe kwanza, gesi ifungwe, asiwashe mtu kiberiti. Tochi ya simu inatosha. Iteni, halafu wote wanyamaze kabisa na kusikiliza. Kabla hamjanyanyua kipande cha zege, simikeni mirunda pale kilipoegemea, kwa sababu kukiondoa kunaweza kuangusha kilichobaki juu ya aliye chini. Msimvute mtu mkono au mguu uliobanwa. Na wekeni mmoja wa kutazama juu tu, asiyefanya kingine, apige kelele ukuta uliobaki ukianza kusogea. Mitikisiko ya baadaye huja, wakati mwingine ndani ya dakika, wakati mwingine baada ya siku kadhaa, na kuta zilizopasuka huangushwa na hiyo.

Kisha itakuja kazi ninayoiogopa kuliko zote, nayo ni kuziba nyufa. Mwenye nyumba amelala nje, mvua inakuja, watoto wanakohoa. Anawaita na mfuko mmoja wa saruji, anataka plasta ipigwe aingie ndani usiku huohuo. Tafadhalini, angalieni ukuta kwanza. Ufa mwembamba wa plasta usiofika kwenye tofali ni jambo dogo. Ufa unaoshuka kwa ngazi kwenye viungo kutoka pembe ya dirisha, hasa ukipishana na mwingine, unasema ukuta umeshakatika. Kona iliyoachia nafasi ya kupitisha kidole, ukuta ulioacha timazi, kenchi iliyochomoka mahali pake: familia isilale humo hata usiku mmoja, na mhandisi wa halmashauri aitwe. Plasta juu ya ufa wa namna hiyo inauficha kwa macho ya mwenye nyumba, haiuondoi kwa tetemeko lijalo. Nyumba inayotengenezeka itengenezwe kwa haki: plasta ya zamani ibanduliwe, wavu wa chuma ufungwe pande zote mbili za ukuta, pande hizo ziunganishwe kwa waya unaopenya ukuta, ndipo plasta ya saruji ipigwe juu yake. Hiyo ni kazi, na mdai malipo ya kazi.

Nina maombi mawili na nimemaliza. La kwanza, wazee wa ufundi mnaotembea na vijana: msiwaachie wajifunze kukunja nondo kwa kutazama kwa mbali. Mkalisheni kijana chini, afunge kona moja ya mkanda, muifungue, aifunge tena mpaka ishike. Vyuo vya ufundi haviwezi kuwafikia wote, na vijana wengi wa saidia fundi watakuwa mafundi kabla hawajaona darasa.

La pili, kuanzia nyumba mliyo nayo mikononi sasa, zege la mkanda lisimwagwe kabla mwenye nyumba hajaitwa kuziona nondo zikiwa wazi. Apande jukwaani kama ana nguvu, au atume mwanawe. Mzungusheni kona zote nne, ashike ringi kwa mkono wake, apige picha kwa simu aitunze pamoja na hati ya kiwanja. Ikiwa kona moja imekosewa, irekebishwe hapohapo, hata kama vibarua wameshaanza kukoroga na jua linakwenda.

Ni mimi mwananchi mwenzenu,
Bukoba.